Inamisi

Inakohoa mara moja,
halafu inaendelea kana kwamba si yenyewe.

Ingekufa ningejua la kufanya.
Kilichokufa hufunguliwa, huoshwa kwa petroli,
hupangwa juu ya gazeti kipande kwa kipande.
Hii inamisi, kisha inapona kabla sijafika.

Siku ya ishirini na tatu leo, hapa Kayenze,
nyuma ya mashine ya mpunga ya shemeji yangu,
ndege tuliyoishona kwa mikono imefungwa mkia kwenye jiwe
lililokuwepo kabla ya babu zetu, wala halituulizi kitu.
Injini tuliitoa kwenye gari la Kijapani lililogongwa Nyegezi:
haina pistoni. Ina pembetatu mbili zilizonona mashavu
zinazozunguka ndani ya chumba chenye kiuno, kama ganda la karanga.
Mafundi wa Nyakato walicheka hadi wakakaa chini.
“Mama Ngolo, hii umeokota mwezini?”
Miaka kumi na tisa niliuguza dizeli za kivuko cha Kamanga;
sikuwajibu.

Nilianza na hewa.
Usubi wa ziwa, ule unaosimama juu ya maji
kama moshi wa kijiji kisichokuwepo,
ulikuwa umejaa kwenye filta, tope la mabawa.
Nikasema, nimekukamata. Nikaosha.
Ikamisi.

Nikaja kwenye mafuta.
Nyigu alikuwa amejenga chumba cha udongo
ndani ya kijibomba kinachopumulia tangi.
Nikamhamisha, nikamwomba radhi.
Ikamisi.

Plagi nne, zote rangi ya chai ya maziwa, hazina kosa.
Koili nikazihamisha, ya kushoto kulia,
nione kama ugonjwa utamfuata mgonjwa.
Haukumfuata.
Swichi tukazima, nikazigusa mara mbili;
Nkwabi akazungusha propela kwa mkono, polepole,
sikio langu kwenye tundu la plagi:
pumzi,
pumzi,
pumzi.
Tatu, sawasawa. Mapafu mazima.

Daftari limejaa. Mizunguko elfu nne na mia nane, ikiwa ya moto.
Elfu nne na mia nane, ikiwa baridi, Jumanne.
Jumatano: hakuna. (Jumatano ndiyo iliyonitisha.)

Nkwabi, mwenye leseni na haraka, akasema:
“Shangazi, kikohozi kimoja kila robo saa. Si turuke tu?”
Nikamgeuza bega, akatazama maji.
Kutoka hapa mpaka Ukerewe, nikamwuliza,
ni robo saa ngapi?
Na mle katikati, uwanja uko wapi?
Akaenda kunywa uji.

Jana nikaacha vipimo.
Injini ikinguruma, mimi nyuma ya propela,
nikachukua mwiko wa ugali
nikawa nagusa waya mmoja mmoja, taratibu,
kama anayeamsha watoto wa wageni.
Mweusi, kimya. Wa kijani, kimya.
Mwekundu, ule wa sensa, chini ya kibano:
ikakohoa.
Nikaugusa tena. Ikakohoa tena,
kwa amri yangu sasa, mbele ya shahidi.

Ganda lake zima, linang'aa.
Ndani, nyuzi za shaba zimekatika,
zinashikana mikono, zinaachana, kila mtetemo.
Na kibano kilichozikata
nilikikaza mimi, mwezi wa tatu, kwa mbwembwe,
nikasema hiki hakitalegea milele.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema;
hawakusema kwamba nguo yenyewe umejishonea.

Leo imezunguka dakika hamsini bila neno.
Nkwabi ameshavaa kofia, anachezea kamba za jiwe.
Nimeandika daftarini: Imepona.
Nimefuta.
Nimeandika: Leo haijakohoa.
Kesho tena, alfajiri, tangi likiwa nusu.
Mwiko sijaurudisha jikoni.