Meza ya Sentimita Sitini

Nimepima tena. Sitini kwa arubaini na mbili.
Futi ya chuma inarudi gandani kwa hasira,
inaning'ata kidole, kana kwamba nayo imechoka
kuulizwa swali lilelile.

Sitini kwa arubaini na mbili: hapa pataketi
kompyuta, kikombe, kiwiko changu cha kulia.
Cha kushoto kitajitafutia.

Nimeegesha kando ya Ziwa Tekapo, mwezi wa Julai,
jalidi imekaza nyasi kama wanga kwenye kola.
Kigari hiki kilikuwa cha mwoka mikate wa Geraldine;
ukifungua kabati la juu bado wanusa hamira.
Nilikinunua kwa akiba ya miaka tisa
na kwa maneno mengi juu ya uhuru.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
mvunguni mna betri, inveta, viazi,
buti moja yenye mwenzake, buti moja isiyo naye,
na drili ya Ngaire.
Nimeinama tangu Jumanne.

Ngaire ni jirani, gari la tatu kutoka bombani.
Alichomelea vyuma miaka thelathini, hadi goti likamkatalia.
Mkono wa kushikilia kioo cha kompyuta
alinitengenezea kwa bawaba za lango la zizi.
"Huu hautikisiki," alisema. "Kondoo dume alishaujaribu."

Waya mwekundu. Waya mweusi.
Waya wa manjano ambao haujulikani utokako;
nilimpigia simu mwoka mikate, akanyamaza kidogo,
kisha: "Aa, huo. Uache tu."
Nimeuacha tu.

Kiti ni kifuniko cha choo.
Wenzangu mkutanoni hawajui:
waona ubao mweupe, mmea kwenye kopo,
wanasifu ofisi nadhifu.
Nami, mchoraji wa mabomba ya maji taka ya mji mzima,
nawaonyesha mteremko, kipenyo, shimo la ukaguzi,
nikiwa nimekalia lita kumi na nane za kwangu mwenyewe.

Ukitaka kupika, ofisi hufungwa.
Ukitaka kulala, jiko huhama.

Lakini jua.
Jua sikulipima.
Saa tatu asubuhi linakuja chinichini juu ya maji,
linaingia bila hodi,
linaketi kwenye kioo kama mgeni asiyevua viatu.
Mistari yangu ya buluu yote imekwenda.
Nikaigeuza meza; mlango ukakataa kufunguka.
Nikavaa kofia ya ukingo mpana, ndani, peke yangu.
Mwishowe nikafanya nililoapa sitalifanya:
nikavuta pazia.

Wiki nzima, basi.
Watu wamepanda ndege mbili kuja kuliona ziwa hili,
nami ni hatua nne kutoka ukingoni mwake
nikilitazama bomba la Mtaa wa Nne.
"Umeuhama mji," Ngaire aliuliza kutoka nje, "au umeubeba?"
Sikumjibu kwa sauti. Nilikuwa mkutanoni.

Leo saa kumi alasiri betri ilisema basi.
Mlio mmoja. Feni ikashusha pumzi.
Kazi ya tangu asubuhi sikuwa nimeihifadhi.
Nikatukana, nikainuka kuutafuta ule waya wa manjano,
nikagonga paji kwenye bawaba za kondoo,
mkono ukashika pazia, pazia likaanguka na fimbo yake,

na kioo kikarudi kuwa kioo:
mlima, mweupe, kushoto kwake kulia,
maji yametulia chini yake,
Ngaire akipita na ndoo, akielekea kusikokuwa kwake,
na mbele ya vyote hivyo mtu mwenye nundu kipajini
ambaye kwa muda sikumtambua.

Mkutano ulikuwa saa kumi na nusu.
Ngaire ana jenereta, angeniwashia, anapenda kuitwa.
Nilimwita.
Lakini si mara ile.