Kidole Kimoja

Miaka thelathini na mmoja nilipima mizigo
katika uwanja mdogo wa Ísafjörður,
nikifunga lebo kwenye masanduku ya watu wanaoondoka.
Kurusha ndege, sikurusha.
Sasa nimestaafu, na Novemba ikishakwisha
jua halituoni, mlima umelikingia,
basi narusha jikoni, kati ya birika na dirisha.

Kutua kwetu ni hivi:
unaingia horini, milima kulia, milima kushoto,
unaupita uwanja ubavuni kana kwamba huutaki,
kisha mwisho kabisa, maji yanapokwisha,
unaulaza ubawa na kugeuka.
Hapo ndipo kompyuta yangu iliposhikwa na kwikwi.
Picha moja. Kimya.
Picha nyingine, na mlima umeshasogea.
Mara arobaini nimekufa katika ufa ule
baina ya picha na picha.

Mpwa wangu Ketill, anayeuza vifaa hivi Akureyri,
alisema kadi ya picha. Nikanunua kadi ya picha
kwa pesa za matairi ya theluji.
Kwikwi ikabaki palepale.
Kadi ilikaa kama mgeni mwalikwa,
kijiko mkononi,
akingoja chakula ambacho jikoni hakijaiva.

Basi ni prosesa, akasema, akaja na orodha.
Hii ina viini kumi na sita, shangazi!
Nikamwuliza: kumi na sita vinafanya nini?
Tukafungua ukurasa wa vipimo, ndege ikiwa hewani,
tukatazama:
kiini kimoja kinatoka jasho, mia kwa mia,
kimebeba upepo, mabawa, mawingu na sauti ya mnara;
vingine vimejikunyata,
asilimia tisa, asilimia nne,
kama mazishi ambapo mmoja anachimba
na ukoo mzima umeshika kofia.

Wapo wasemao kidole kimoja hakivunji chawa.
Hawajarusha ndege jikoni kwangu.

Usiniletee umati, Ketill. Niletee mmoja mwenye mbio,
tena umwekee kabati karibu na mkono,
kabati kubwa, asishuke ghalani
kila anapotaka kipande cha mlima.
Ipo, akasema. Ina viini vinane tu,
lakini akiba yake imepangwa ghorofa juu ya ghorofa.
Bei ilinifanya nifute miwani, nisome tena.

Nikauza pikipiki ya theluji ya marehemu Eyvindur.
Hata yeye alipenda kuitengeneza kuliko kuipanda.

Jumamosi Ketill alifungua sanduku juu ya meza,
akadondosha uji wa kijivu, kiasi cha punje ya njegere,
akakaza skrubu huku pumzi ameizuia.
Feni ikaanza kuvuma.
Sikungoja afunge mfuniko.

Nikaingia horini.
Maji yalipita chini yangu kama kitambaa
kinachovutwa polepole kutoka mezani.
Niliona paa la ghala la samaki, gati, barabara ya makaburini,
kila kimoja kikija kwa zamu yake bila kusukumana.
Ufa niliokuwa nikifia umezibwa.
Nikafika mwisho, nikaulaza ubawa,
nikageuka,
na nikaugonga mlima
kwa ulaini usio na kifani.

Ketill akakohoa.

Nikarudia. Mlima.
Nikarudia. Mlima, na safari hii niliyaona mawe,
moja moja, safi,
hata kuvu juu yake.
Kumbe nachelewa kugeuka. Sekunde mbili, labda tatu.
Majira matatu ya baridi nimeisingizia mashine,
na sasa nimenunua ushahidi
kwa bei ya pikipiki.

Nje, ndege ya kweli ya saa nane imefutwa, upepo.
Shangazi, kahawa? anauliza, macho yako kwenye birika.
Weka. Halafu keti hapa kando yangu,
uhesabu kwa sauti,
uniambie lini.