Ukurasa wa Mia na Tisa

Dirisha la tatu, ghorofa ya chini,
afisi za kaunti, Nakuru. Saa mbili na robo.
Nimevaa viatu vya kanisani
nisionekane mtu wa kuambiwa rudi kesho.

Faili gani, mama?
Rejista ya maziko, nasema. Ya manispaa,
ya zamani, kaunti haijazaliwa.
Ya wale waliozikwa bila mwenyewe.
Karani akafunika kalamu yake.

Njoo Jumatano. Nikaja Jumatano.
Mwenye ufunguo yuko Naivasha.
Njoo mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi
vitabu vimehamishwa, hawajui vilikohamia,
kana kwamba karatasi nazo hufuata malisho.

Basi nikaandika. Kwa mkono, kwa Kiswahili,
tarehe juu, jina chini: Nasambu Wekhomba,
mtaa wa Kivumbini. Nikadai mhuri wa kupokea
kwenye nakala yangu, nikaikunja
ndani ya leso pamoja na nauli.
Sheria inawapa siku ishirini na moja.
Nilizichora ukutani kwa makaa;
mjukuu akadhani ni deni la maziwa.

Siku ya kumi na tisa, simu.
Bi. Chelagat wa masjala, sauti ya mafua:
Kimepatikana. Kilikuwa kinazuia mlango usijifunge.

Ukurasa wa mia na tisa. Wino umegeuka rangi ya chai.
Agosti, mwaka wa themanini na nane.
Mwanamume, miaka ishirini na kitu.
Jina: halijulikani.
Shati la kijani, kifungo kimoja cheupe.

Kimoja cheupe.
Vyeusi vilikuwa vimeisha dukani. Nilikishona mimi,
usiku wa kuamkia safari yake,
naye akacheka: nani atatazama?

Mtu alitazama.
Karani fulani, mwandiko umelala ubavu,
pengine ana haraka, pengine ana njaa,
alitazama, akaandika.

Nikalipa ada ya kunakili, kurasa mbili.
Kisha nikaomba ruhusa ndogo: hapo
penye "halijulikani", niandike Khisa.
Herufi tano tu, nafasi ipo.

Bi. Chelagat akakifunika kitabu kwa kiganja,
polepole, kama mtu anayefunika uso wa mgonjwa.
Mwombaji haandiki kwenye rejista, mama.
Kuna fomu ya kurekebisha.

Akainama chini ya meza kuitafuta.
Mimi kalamu nilikuwa nimeshaifunua.