Kata

Siri ya mtungi, wanasema, muulize kata.
Kata ni mimi: Ninian Purves, mpiga chapa,
Mtaa wa Cowgate, Edinburgh, ngazi tatu chini ya barabara,
ambako taa za Januari huwashwa saa nane mchana.

Tulikaa dawati moja, Jedburgh.
Yeye akisimulia hadithi kipindi cha hesabu,
mimi nikicheka. Yeye alisimulia, mimi nikachapwa.
Baadaye akaandika, mimi nikachapa.

Muswada uliletwa usiku,
umefungwa katika kitambaa cha jibini.
Mke wangu Grizel aliunakili ukurasa kwa ukurasa
ili wapanga herufi wasiujue mwandiko.
Mji ulikisia: ni jaji, ni kasisi,
ni mjane mmoja wa Leith.
Miaka kumi na miwili nilimeza mate.

Hakujua mkato ni nini. Sentensi zake
zilitoka kama kondoo waliofunguliwa zizi,
nami langoni na nukta zangu, nikihesabu.
Pembeni niliandika: "Farasi huyu alikufa sura ya tatu."
Akajibu: "Basi mzike, Ninian, nina haraka."
Nikamzika. Hakuna msomaji aliyemlilia.

Dawa ya deni kulipa;
sisi tulilitibu deni kwa deni.
Hawala yangu ina sahihi yake, yake ina yangu,
na kule mashambani nyumba yake ikaota minara.
Kisha London ikakohoa, tukaanguka sisi.
Wakaja wenye daftari: mashine sita, saa ya ukutani,
kitanda cha mtoto.
Herufi zangu wakazipima kwa ratili, kama misumari.

Siku alipojitaja hadharani, karamuni,
ukumbi mzima ulisimama.
Nilikuwa meza ya mwisho, penye mlango wa jikoni.
Nilipiga makofi. Kweli nilipiga.
Grizel alitazama vidole vyake, penye doa lisilotoka,
akaomba chumvi.

Jana Eck Rintoul, kijana ninayemfunza,
alifungua toleo jipya akauliza
mbona jina langu liko chini kabisa, dogo vile.
Nikamfunulia ukurasa wa themanini,
nikaweka kucha chini ya mkato mmoja.
Huu, nikamwambia. Huu ni wangu.
Akainama karibu na mshumaa.
Akasema umekaa upande kidogo.
Ni kweli. Umekaa upande.