Mawenzi Katika Jicho la Kushoto

Daktari Mnzava alinionyesha ramani ya macho yangu:
buluu pembeni, kijani, kisha wekundu
uliosongamana chini kidogo ya katikati.
"La kulia bado ni Kibo, limeviringana.
La kushoto limechongoka, Aikaruwa. Limekuwa Mawenzi."
Nikacheka, maana sikujua kingine cha kufanya.

Miaka kumi na moja nachambua buni kiwandani.
Punje iliyotobolewa na mdudu, punje nyeusi, punje iliyovunjika,
vidole vilizijua kabla ya macho.
Lakini tangu masika yaliyopita kila punje ina pacha wake
na taa ya mezani imeota mkia.
Msimamizi Kileo alinirudishia gunia mara mbili
bila neno.
Kimya chake ndicho kilichonileta hapa, karibu na mnara wa saa.

Miwani? Nimevaa tatu.
Miwani haisawazishi mlima.

Basi akatandika taulo, akapanga visahani.

Ya kwanza ndogo, ngumu, kama gamba la samaki.
Huketi kileleni. Bei yake inavumilika.
Nilipoivaa, herufi za ukutani zilisimama
kila moja kwa miguu yake,
na jicho likalia kama limefiwa.
"Utazoea," alisema.
Nikauliza habari za vumbi la mashine ya kukobolea:
chembe ikipenya chini yake?
"Utaivua hapo hapo."
Hapo hapo! Mikono imejaa maganda,
na bomba la maji liko ng'ambo ya ghala.

Ya pili laini, teketeke. Niliisahau jichoni,
na herufi nazo zikanisahau mimi.
Ililala juu ya Mawenzi kama shuka juu ya jiwe,
jiwe likabaki jiwe.

Ya tatu chotara: moyo mgumu, pindo laini.
Hii niliipenda. Niliipenda mpaka aliposema
pindo likichanika, unatupa yote.
Nimewahi kuwa na nguo kama hiyo.
Na mchumba.

Ya nne bakuli. Kubwa, nikadhani ananitania.
"Haigusi kilele. Inakanyaga kwenye weupe,
na unaijaza maji ya chumvi kabla ya kuivaa."
Inamisha uso, kama unatafuta shilingi sakafuni.
Mara ya kwanza maji yalinimwagikia sketi.
Ya pili, povu. Ya tatu nilifumba, kope zikaigonga.
Ya saba ikaketi,
na sikuhisi kitu. Mlima ndani ya ziwa lake,
vumbi halina mlango.

Bei hakuitamka. Aliiandika, akanigeuzia karatasi,
nami nikaisoma vizuri mno
kwa jicho lile jipya.

Dada yangu Ndeshi alipiga hesabu za kwake:
"Ng'ombe mzima kwa jicho moja?
Na lile lingine litakula nini?"
Lile lingine litavaa miwani, nikasema. Lingojee.
Kikoba kilinikopesha, kwa sura iliyokunjamana.

Sasa naamka saa kumi na moja,
nainamia kioo mezani, kinyonyeo cha mpira mkononi,
nikinong'ona majina ambayo si ya dua.
Asubuhi kila punje ni moja.
Saa saba mchana ukungu hujaa ndani ya bakuli,
kama unavyopanda kule juu, hata wageni hawaoni kilele;
navua, naosha, najaza upya, naendelea.
Sisemi nimechagua vyema. Nimechagua kazi yangu.

Jumatatu Kileo alikuja na karatasi ya mizani.
Nikamwona, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima,
ameishika mbali, mkono umenyooka wote,
kichwa kimerudi nyuma, midomo inatafuta namba.
Gunia langu lilikuwa miguuni pake.

Sikusema neno.
Nikasogea, nikamsomea.