Ngeli ya Nyanya

Alichukua nyanya moja kutoka karai la Mama Awinja,
akaiinua mbele ya jicho kama mtu anayekagua yai:
"Nyanya yangu imeiva.
Nyanya yangu ameketi.
Neno ni lile lile, watoto. Nini kimebadilika?"

Hatukujua. Tulikuwa na njaa.
Akaikata vipande saba, akanyunyiza chumvi,
tukaula mfano wa sarufi pale ngazini, Kaloleni,
hakuna aliyeshiba
na hakuna aliyesahau.

Mwalimu Drusilla Kavulani.
Darasa la tatu, miaka thelathini na minne.
Watoto hamsini na wanane kwa madawati kumi na tisa,
na mkebe wa Kimbo uliojaa penseli fupi kuliko kidole gumba.
Aliziokota sakafuni kila Ijumaa, akazichonga kwa wembe,
kwa kuwa Jumatatu haikosi mtoto wa mikono mitupu.

Mfuko wa sweta lake la kijivu ulikuwa nyumba ya chaki.
Mama alilifua siku moja bila kuukagua,
na hadi leo lina doa jeupe ubavuni.
Ninalo. Silifui.

Erasto Mudibo alipokosa shule siku ya tatu
alimfuata hadi Soko la Burma,
akamkuta akifukuza nzi kwenye nyama ya mjomba wake.
Hakugombana na mtu.
Aligeuza kreti la soda, akakaa,
akafungua daftari juu ya goti,
wakafanya hesabu ya kugawanya
kwa kilo za matumbo.

Sisemi alikuwa malaika. Fimbo yake ya mpera naijua.
Barua niliyomwandikia kutoka bweni ilinirudia
ikiwa nyekundu tupu: makosa kumi na moja,
alama nne kwa kumi,
na chini kabisa, kwa mwandiko mdogo
kama wa mtu anayeona haya:
Nami nina hamu ya kukuona.

Hata mwaka ule mapafu yalipoanza kumwangusha
alikwenda kliniki na kalamu yake.
Mlangoni palibandikwa karatasi: MLANGO HII HAIFUNGUKI.
Alihema, akashika ukuta, akahema tena,
akakata maneno mawili, akaandika juu yake: HUU HAUFUNGUKI.
Muuguzi alikuja juu.
"Mpe dawa yake," akasema daktari kutoka ndani,
"huyo alinifundisha kusoma."

Kisha ile asubuhi ya Julai, ukungu umelalia paa za mtaa,
tukapanga foleni katika mochari ya jiji na shuka zetu mpya.
Kijana mwenye gambuti alichungulia orodha, akaita:
"Wa Kavulani? Maiti iko tayari."

Sikujua ni mimi niliyesema.
Sauti ilitoka kavu, yenye vumbi, mahali fulani nyuma ya meno yangu:
"Yuko."
"Unasemaje?"
"Yuko tayari. Si iko. Yuko."

Mjomba alinishika kiwiko. Foleni ilinyamaza.
Kijana akanitazama, akaitazama tena orodha yake,
akavua kofia ya plastiki, sijui kwa nini,
akasema polepole, kama mtoto anayesoma ubaoni:
"Yuko tayari."

Ameketi. Imeiva. Kitenzi ndicho kinachojua.

Wiki mbili baadaye nilirudi kufunga nyumba.
Funguo mkononi, mkebe wa Kimbo kwapani,
nikapita kwa Mama Awinja kwa mazoea tu ya miguu.
Alikuwa akipanga mafungu, hakuinua uso.
"Nyanya ngapi leo?"

Nikafungua mdomo niseme moja.

"Mmoja," nikasema.