Kipande cha Ndala

Mwezi wa saba, usiku wa manane,
mndimu wangu uliruka ukingo wa roshani,
ukashuka ghorofa mbili bila kuaga,
ukatua ubavuni mwa kabati la chipsi la Mwanahawa.
Alfajiri akanipandishia vigae kwenye beseni:
"Shoga, mgeni wako amekuja kula, hakuagiza."

Nilicheka. Kisha miguu ikanitetemeka.
Saa tatu nyuma, pale pale, palikuwa na foleni ya watoto.

Ndipo nikajifunza uzito.
Ndoo ya rangi, lita ishirini, ina umbo la mlevi:
mabega mapana, miguu haba.
Nikaitoboa chini kwa msumari wa moto,
nikaenda kwa wajenzi wa jirani kuomba gao la kokoto,
wakanijazia karai.
Kokoto chini, udongo juu, samadi ya kuku katikati.
Upepo ukarudi, ukasukuma, ukaona haya.

Lakini kisichoanguka ndicho kisichosogea.
Masika yalipofika, mfereji wa bati uliumwagia mndimu
maji ya siku tatu, nami nimeukumbatia kiunoni,
navuta, navuta,
mgongo ukalia kama bawaba.
Mndimu, kimya.

Shekiondo, seremala wa Keko,
akaja na viti sita vya ofisi vilivyokwisha kufa,
akavipindua, akaving'oa vidole.
"Magurudumu haya yamebeba mameneja miaka kumi.
Ndimu itayashinda?"
Mbao za paleti, skrubu nne nne,
pengo katikati maji yapite.
Wote saba wakapanda magari yao:
mndimu, rehani, mchaichai, mkilua wa Tanga,
mwaridi mmoja mwenye kiburi,
mishubiri miwili ya dharura za jikoni.
Niliwasogeza kwa kidole cha mguu.
Kidole kimoja!

Kumbe sakafu ile ilikuwa na siri yake: inainama.
Nikaamka nikawakuta wote wamebanana kwenye tundu la maji
kama wajumbe waliosikia kuna posho.

Nikatafuta cha kuwazuia. Jiwe linakwaruza, kijiti kinaoza.
Chini ya kitanda ilikuwepo ndala ya Sufiani, ya kushoto,
Sufiani aliyeniambia anarudi Ijumaa
bila kusema ipi.
Nikaikata kwa kisu cha nyanya, pembetatu saba,
moja moja chini ya gurudumu.
Haijawahi kutulia vile ilipokuwa na mguu wake.

Mwenye nyumba akataka kodi ya mwaka mzima.
Nikaita kirikuu.
Ngazi hazijui gurudumu: vijana wa Mwanahawa
waliwashusha mmoja mmoja kama maharusi,
mmoja akinusa rehani kila ngazi.
Kabati la nguo lilivunjika mguu pale Banana.
Miti ilikaa, imebanwa na godoro,
ikiutazama mji unavyopita.

Kivule ni mchanga. Magurudumu yalizama hadi ekseli,
na kazi yote ya Shekiondo nikaibeba kichwani
hadi kwenye baraza, hatua mbili za saruji,
milki yangu yote iliyo tambarare.
Hapo nikaulaza mndimu nipanguse chini yake.
Mzizi mmoja ulikuwa umetoka kwenye tundu,
umepenya pengo la mbao,
umelizunguka gurudumu mara mbili, umekaza.

Sijui ulianza lini. Labda usiku ule ule
nilipokuwa najisifu kwamba nimeweza kuusogeza.

Kisu cha nyanya kilikuwa mkononi.
Nikakiweka chini, nikaomba bisibisi kwa jirani,
mtu nisiyemjua hata jina.
Nikafungua skrubu nne,
nikaliacha gurudumu lining'inie kwenye mzizi wake kama hirizi,
na penye pengo lake nikaweka ndala,
vipande viwili, kimoja juu ya kingine,
hadi mti ukaacha kuyumba.

Bado unasogea.
Kwa shida kidogo.